Kupima sayansi Kidato cha Kwanza na cha Pili: maswali tunayoulizwa kila muhula

Ukurasa huu unakusanya maswali ambayo walimu wenzangu wa sayansi, wazazi na wanafunzi wenyewe hurudia kuniuliza kila mitihani inapokaribia. Nimeyajibu kwa kuifikiria shule ya kawaida ya sekondari Tanzania: darasa limejaa, chumba kinaitwa maabara lakini makabati yake ni nusu matupu, na mwalimu mmoja anabeba masomo mawili. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo ruka moja kwa moja hadi linalokuhusu. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Mnaposema "jaribio", mnamaanisha mtihani au kazi ya maabara?

Kiswahili chetu kinatumia neno hilohilo kwa yote mawili, na mkanganyiko huo umewahi kuniletea wanafunzi maabara wakiwa na kalamu na karatasi tu, wamejiandaa kujibu maswali. Kwenye ukurasa huu, "jaribio" ni kazi ya kutenda: kupima, kuchanganya, kuchunguza. Karatasi ya kujibu maswali naiita "mtihani" au "zoezi". Karatasi inayomtaka mwanafunzi atende huku akipimwa naiita "mtihani wa vitendo".

2. Mtihani wa vitendo wa taifa uko Kidato cha Nne. Kwa nini nianze kuwapima kwa vitendo Kidato cha Kwanza?

Kwa sababu mkono haujifunzi kwa wiki mbili za maandalizi. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika silinda ya kupimia hadi Kidato cha Nne atasoma ujazo akiwa amesimama wima, macho juu ya maji, na atakosea hata kama anaijua kanuni yote. Anayezoea tangu Kidato cha Kwanza huinama bila kuambiwa, akaweka jicho usawa wa maji na kusoma sehemu ya chini ya mbonyeo. Mazoea hayo huchukua miezi kuingia mwilini.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi kwangu. Tunachokipima ndicho wanafunzi wanachokithamini. Ukiwapima miaka miwili kwa kuandika tu, unawafundisha kwamba sayansi ni maneno ya kukumbuka, na ukija kuwaambia Kidato cha Tatu kwamba sayansi ni kuangalia na kuuliza, hawatakuamini.

3. Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili unahusika vipi na haya?

Upimaji huo unaendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania mwishoni mwa mwaka. Alama 75 na kuendelea ni A, chini ya 30 ni F, na asiyefikia kiwango hurudia kidato. Presha yake inaeleweka, na mwalimu anayewaandaa wanafunzi wake hana kosa.

Lakini angalia maswali yenyewe. Mengi yanamtaka mwanafunzi aeleze kwa nini jaribio fulani lilikwenda hivyo, asome jedwali la vipimo, au achague kifaa kinachofaa. Aliyewahi kuchovya kipande cha muhogo kwenye ayodini na kuona weusi ule wa bluu ukitokea mbele ya macho yake hahangaiki na swali la kupima wanga. Aliyekariri huchanganya rangi.

4. Vitendo vibebe alama ngapi katika mtihani wa muhula?

Mimi hutoa 30 kati ya 100 kwa vitendo Kidato cha Kwanza, na 40 Kidato cha Pili. Hilo ni chaguo langu, si kanuni ya mahali popote. Chini ya 20 wanafunzi wanapuuza. Kama shule yako ina utaratibu wake wa alama, weka angalau swali moja la kuandika linalotegemea jaribio walilofanya kweli darasani, si la kwenye kitabu.

## Kutunga maswali

5. Nitajuaje kama swali langu linapima kukariri tu?

Jiulize: mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri lakini asiyeelewa chochote, atalipata? Kama jibu ni ndiyo, hilo ni swali la kukariri. Maswali hayo yana nafasi yake, kwani bila majina ya vitu hakuna mazungumzo ya sayansi. Tatizo ni karatasi nzima kuwa hivyo.

Chukua swali la kawaida: "Taja sifa saba za viumbe hai." Darasa zima linalipata, maana wamelikariri kama wimbo. Sasa ligeuze: "Mshumaa unaowaka unatumia oksijeni, unatoa hewa ya ukaa, na mwali wake unaweza kukua na kuwasha mshumaa mwingine. Je, mshumaa ni kiumbe hai? Toa sababu mbili." Mara ya kwanza nilipouliza hivyo, wanafunzi waliozoea kupata saba kwa saba walikaa kimya dakika nzima. Kuna aliyeandika kwamba mshumaa hauna seli. Mwingine akaandika kwamba mwali haukui kwa kujijenga kutokana na chakula, unasambaa tu. Hao wawili wamefikiri. Maarifa ni yaleyale ya sifa saba, ila safari hii yamewekwa kazini.

6. Je, maswali ya kuchagua jibu hayafai kwa sayansi?

Yanafaa sana yakitungwa kwa uangalifu. Ukiweka chaguo nne, anayebahatisha maswali kumi atapata kama mawili au matatu kwa wastani. Ukiweka "kweli au si kweli", anayebahatisha atapata kama matano, ndiyo maana siyapendi peke yake. Nikiyatumia, namtaka mwanafunzi asahihishe sentensi isiyo ya kweli.

Uzuri wa swali la kuchagua uko kwenye majibu yasiyo sahihi. Usijaze upuuzi ambao hakuna atakayeuchagua. Weka makosa ambayo wanafunzi wenyewe huyaamini: kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi kwa sababu ya uzito wake, kwamba mimea hupumua usiku tu, kwamba balbu ya kwanza kwenye mzunguko "inakula" umeme na kuiachia ya pili mabaki. Ukiona nusu ya darasa imechagua balbu ya kwanza, umepata habari ya thamani kuliko wastani wa alama. Unajua kesho unafundisha nini.

7. Wanafunzi wangu wanaelewa nikieleza kwa Kiswahili, lakini wanafeli karatasi ya Kiingereza. Nipime nini?

Kwa Kidato cha Kwanza hili ndilo swali zito kuliko yote. Mtoto ametoka shule ya msingi ya Kiswahili, na miezi michache baadaye anaulizwa kuhusu usanisinuru kwa lugha anayoishika kwa shida. Akikosa, hujui kama amekosa sayansi au amekosa swali.

Mambo matatu yamenisaidia. Kwanza, sentensi fupi: swali lenye mstari mmoja na nusu, bila kukanusha mara mbili. Pili, michoro. Mchoro wa kifaa wenye mishale inayosubiri majina hauhitaji lugha nyingi. Tatu, katika mazoezi ya darasani (siyo mtihani rasmi) huwa naruhusu jibu la maelezo kwa Kiswahili, kisha tunalipeleka pamoja kwenye Kiingereza ubaoni. Hapo ndipo naona nani anajua.

Kuhusu tahajia: neno likisomeka vilevile, usikate alama. Ila kuna maneno ambayo herufi chache hugeuza maana, mfano ureta na urethra, au mitosisi na meiosisi. Hapo kosa la tahajia ni kosa la sayansi, na wanafunzi waambiwe mapema.

8. Nichukue maswali kutoka mitihani ya zamani?

Kwa mazoezi, ndiyo. Kwa mtihani wa shule, badilisha vitu, namba na mazingira, maana karatasi hizo zinauzwa hadi stendi na wanafunzi wanazo.

## Mtihani wa vitendo

9. Ni majaribio gani yanafaa kupimia umri huu?

Yale yanayokamilika ndani ya dakika chache, yanayoonyesha mabadiliko dhahiri, na yasiyo na hatari kubwa. Kupima wanga kwa ayodini, kutambua asidi na besi kwa kiashiria (kitu kinachobadilika rangi), kupima ujazo wa jiwe kwa kuangalia maji yaliyopanda, pendulamu, kunyoosha springi au mpira kwa kuongeza uzito, kuunganisha balbu na betri, kulinganisha mishipa ya majani.

Uotaji wa mbegu ni jaribio zuri mno lakini huchukua siku kadhaa, kwa hiyo lipime kama kazi ya wiki: kila mwanafunzi na maharage yake, na daftari la kila siku. Jaribio la kupima wanga kwenye jani nalo linahitaji muda, kwani mmea uwekwe gizani siku moja au mbili kabla, na lina hatua yenye moto (tazama swali la 13).

10. Hatuna maabara. Tufanyeje?

Shule nyingi za kata zilizozaliwa na mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004 zilifunguliwa bila maabara, na hata baada ya kampeni ya kujenga vyumba vitatu vya maabara kila shule, chumba kupatikana si sawa na vifaa kupatikana. Habari njema ni kwamba sayansi ya vidato hivi viwili haihitaji vifaa vingi vya dukani.

Bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano ni kifaa bora cha kupimia ujazo, na bei yake ni ndogo. Ayodini ya famasi, ile ya kupaka kwenye kidonda, ukiichanganya na maji inapima wanga bila tatizo. Kiashiria kipo jikoni: loweka karatasi nyeupe kwenye maji ya manjano, ikauke, kisha ikate vipande. Ukiidondoshea maji ya sabuni ya kufulia au ya majivu inageuka nyekundu ya kahawia, ukiidondoshea ndimu inarudi njano. Choya nayo inafanya kazi: maji yake mekundu hubaki mekundu kwenye siki na hugeuka kijani kwenye magadi. Hewa ya ukaa utaipima kwa maji ya chokaa. Chukua chokaa ya kupakia nyumba, koroga kwenye maji, acha itulie usiku kucha, mimina yale maji maangavu ya juu. Mwanafunzi akipuliza kwa mrija, maji yanageuka kama maziwa. Apulize, asivute.

Mizani? Weka rula ya mita juu ya penseli iliyolazwa na chupa mbili ndogo zinazofanana, moja kila upande. Mililita 50 za maji ni gramu 50, na hapo umeshapata mawe ya mizani kwa ajili ya kanuni ya wenzo.

11. Nina wanafunzi 64 na mimi ni mmoja. Nawapimaje wote kwa vitendo?

Kwa vituo. Panga meza nane, kila moja na kazi moja ya dakika tano, na uziandae mara mbili ili wanafunzi 16 wafanye kwa wakati mmoja. Kengele ikilia kila mtu anahamia meza inayofuata. Dakika 40 kundi limemaliza, na makundi manne yatakula saa mbili na dakika arobaini pamoja na muda kidogo wa kupanga upya meza. Ni asubuhi moja.

Meza zangu za mwisho zilikuwa hivi. Ya kwanza, kusoma ujazo wa maji kwenye silinda. Ya pili, kupima muda wa pendulamu kwa kuyumba mara 20. Ya tatu, sahani yenye muhogo, ute wa yai uliopikwa na chumvi, na ayodini: kipi kina wanga? Ya nne, vikombe vitatu visivyo na majina, yaani ndimu, maji na sabuni, pamoja na karatasi za manjano. Ya tano, mzunguko wa betri na balbu isiyowaka, tafuta tatizo. Ya sita, jani la mhindi na jani la mharage, chora tofauti. Ya saba, grafu ya maji yanayochemshwa, isomwe. Ya nane, meza iliyopangwa vibaya makusudi: chupa isiyo na lebo, chakula karibu na kemikali, waya uliochubuka, spiriti kando ya kiberiti. Taja hatari zote.

Meza ya tano ndiyo ninayoipenda. Wapo wanaobadilisha betri, wapo wanaotikisa waya, na wapo wanaokaa kuitazama mpaka dakika tano zinaisha. Anayejaribu sehemu moja baada ya nyingine, akiondoa na kurudisha, huyo anafikiri kama mwanasayansi hata asipopata jibu, na mwongozo wangu wa usahihishaji unampa alama za njia hiyo.

12. Wanaofuata hawataambiwa majibu na waliotangulia?

Badilisha vitu vidogo: urefu wa uzi, vyakula vya sahani, kiasi cha maji, mahali tatizo la waya lilipo. Kundi linalosubiri likae darasa jingine, na waliomaliza wapitie mlango mwingine.

13. Usalama unapimwaje, na ni mambo gani sitakiwi kuruhusu kabisa?

Usalama upewe alama zake, la sivyo unabaki karatasi iliyobandikwa mlangoni. Nisiyoyaruhusu: kuonja chochote, kuvuta kimiminika kwa mdomo, na kumimina maji kwenye asidi kali. Ni asidi inayomiminwa taratibu kwenye maji. Ukigeuza, joto linalotoka hulipusha asidi usoni.

La spiriti nalisisitiza zaidi kwa sababu ya jaribio la jani. Spiriti haichemshwi juu ya moto. Chemsha maji kwanza, uchovye jani ili lilainike, kisha zima moto kabisa. Testityubu yenye spiriti na jani ndiyo inayosimamishwa ndani ya yale maji ya moto mpaka ukijani utoke. Mwanafunzi akiacha moto ukiwaka namsimamisha hapohapo, na anapoteza alama za hatua hiyo hata kama jani lake litatoka vizuri.

14. Kwenye vikundi, wasichana wangu huandika tu na wavulana ndio wanashika vifaa. Je, mtihani unaweza kusaidia?

Unaweza, na hii ni sababu mojawapo ya kuchagua vituo. Mezani kila mtu yuko peke yake, hakuna wa kumwachia bomba la sindano. Lakini usingoje siku ya mtihani. Katika masomo ya kawaida nagawa kazi kwa zamu iliyoandikwa ubaoni: leo huyu anapima, yule anasoma saa, mwingine anaandika, kesho mnabadilishana. Muhula wa kwanza nilipofanya hivyo, wasichana watatu waliokuwa "makatibu" wa vikundi vyao ndio walioongoza meza ya mzunguko wa umeme.

## Kusahihisha

15. Alama za jaribio moja zigawanywe vipi?

Gawa kwa hatua, siyo kwa jibu la mwisho. Meza ya pendulamu ina alama tano: kupima urefu wa uzi hadi katikati ya uzito, kuandika muda kama saa ilivyoonyesha bila kukata desimali, kuandika kizio, kugawanya kwa 20, na kurudia kipimo. Mwanafunzi akikosea kimoja anabakiwa na vinne.

Eleza pia kwa nini tunahesabu mara 20. Kidole cha mtu huchelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde kubonyeza saa. Ukipima mara moja, kosa lote linaingia kwenye jibu. Ukipima mara 20 na kugawanya, kosa linabaki sehemu moja ya mia. Anayeweza kulieleza hilo kwa maneno yake mwenyewe, mimi humwongezea alama.

16. Matokeo ya mwanafunzi hayafanani na ya kitabu. Nimpe au nimnyime?

Nilifundisha miaka kadhaa katika shule moja ya nyanda za juu, mkoa wa Mbeya. Katika mtihani wa Kidato cha Kwanza kulikuwa na kazi ya kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Binti mmoja aliandika nyuzi 94. Mwongozo ulisema 100. Nikaweka mkasi.

Siku iliyofuata alinisubiri mlangoni. "Shikamoo mwalimu. Naomba uje uone kipimajoto." Tukaingia, tukawasha jiko, maji yakachemka kwa nguvu, na zebaki ikasimama 94. Tukachukua kipimajoto cha pili: ileile. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa inagandamiza kidogo, na maji huchemka mapema, kwa makadirio nyuzi moja pungufu kila mita 300. Hata maharage yetu yalikuwa yanachelewa kuiva na sote tunajua. Wenzake wote walioandika 100 walikuwa hawakuangalia kifaa. Waliangalia kumbukumbu zao. Nilikuwa nimemwadhibu mwanafunzi pekee aliyesoma kipimajoto.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni hii: fanya jaribio mwenyewe asubuhi ya mtihani, kwa vifaa vilevile, mahali palepale, na andika ulichokipata. Hicho ndicho kipimo cha kusahihishia. Mwanafunzi aliye karibu na kipimo chako amepata, hata kitabu kikisema vingine. Aliye mbali lakini ameonyesha vipimo vyake vyote, mpe alama za kazi na umuulize nini kilitokea.

17. Nitamjuaje aliyepika data?

Data iliyopikwa huwa nzuri kupita kiasi. Kwa pendulamu, uzi wa sentimita 25 hutoa takribani sekunde 20.1 kwa mara 20, sentimita 50 hutoa 28.4, na mita moja hutoa 40.1. Mwanafunzi wa kweli ataleta 20.3, 27.9, 40.6, na aliporudia alipata tofauti kidogo. Aliyepika ataleta vipimo viwili vinavyolingana hadi desimali ya mwisho, au nukta zote za grafu zikiwa zimekaa juu ya mstari kama askari.

Kabla ya kumlaumu, jitazame. Ukimpa sifuri kila anayepata namba "mbaya", wewe ndiye unayemfundisha kupika. Data chafu ya kweli ipate alama kuliko data safi ya uongo, na wanafunzi waambiwe hivyo kabla ya mtihani.

18. Kosa la mwanzo limeharibu hesabu yote iliyofuata. Nikate kila mahali?

Hapana. Kata pale kosa lilipotokea, kisha fuata namba yake. Kama njia iliyobaki ni sahihi, alama zake anazipata.

19. Jaribio la mshumaa uliosimama kwenye sahani ya maji na kufunikwa kwa glasi: maji yanapanda kwa sababu oksijeni imeisha, sivyo?

Jibu hilo limeandikwa kwenye maelfu ya madaftari, na halitoshi. Oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa, na watu hufurahi kwamba maji hupanda kama sehemu moja ya tano. Lakini mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado imebaki, na unapotumika unatoa hewa ya ukaa na mvuke. Kinachopandisha maji hasa ni joto: hewa ndani ya glasi ilipata moto ikatanuka, mshumaa ulipozimika ikapoa na kusinyaa, na mvuke nao ukageuka maji.

Wapime hivi: weka mshumaa mmoja, kisha mitatu, chini ya glasi ileile. Mitatu hupandisha maji juu zaidi. Kama ni oksijeni tu, idadi ya mishumaa ingebadilisha nini? Swali hilo moja lina thamani ya ukurasa mzima wa kutaja majina ya gesi.

## Kutoka kwa wazazi

20. Mwanangu anapata A kwenye karatasi lakini amefeli vitendo. Ana tatizo?

Hana tatizo, mzazi wangu. Amepata nafasi ndogo ya kushika. Mara nyingi ni mtoto mwangalifu anayeogopa kukosea mbele ya watu. Mpe kazi za kupima nyumbani na alama zitasogea.

21. Tufanye nini nyumbani bila kununua vifaa?

Mwache apike akiwa na daftari. Apime vikombe, aangalie saa, abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Kwa nini wali wa sufuria yenye kifuniko umewahi? Yai bichi linazama kwenye maji, linaelea lini ukiongeza chumvi, kijiko cha ngapi? Usimpe jibu. Muulize alibadilisha nini na alikiacha nini vilevile.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nina mwanafunzi mwenye uoni hafifu, na mwingine hatofautishi rangi.

Kwa wanafunzi wenye ualbino na wengine wenye uoni hafifu, andaa karatasi ya maandishi makubwa kama Baraza linavyofanya kwenye mitihani yake, ongeza muda, na weka meza yao mahali penye mwanga usiopiga machoni. Kipimajoto chenye mistari myembamba kinaweza kusomwa na msaidizi anayesema namba tu, huku mwanafunzi akiamua lini kisomwe.

Kutotofautisha rangi hutokea zaidi kwa wavulana, na wengi hawajui kuwa wanalo tatizo hilo. Ukiona mtoto hodari anakosa meza za rangi kila mara, mchunguze. Siku ya mtihani msaidizi amtajie rangi; tafsiri ya rangi hiyo ibaki kazi yake.

23. Mwanafunzi ameandika kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui. Nikisahihisheje?

Usiweke mkasi kabla ya kujaribu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu kutengeneza aiskrimu na yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne: kwa nini maji yaliyoanza na nyuzi 100 yagande kabla ya yaliyoanza na nyuzi 35? Wenzake walicheka. Osborne alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha walichokiona. Wanafizikia bado wanabishana juu ya sababu, na hata juu ya lini hasa hutokea, lakini jambo hilo linaitwa kwa jina la kijana huyo duniani kote.

Kwenye karatasi naandika "njoo tulijaribu", naacha nafasi ya alama wazi, na tunapanga siku.

24. Jaribio limegoma kwa darasa zima siku ya mtihani.

Basi kosa si la wanafunzi. Mara nyingi ni ayodini iliyokaa wazi ikapauka, au betri zilizochoka. Wape alama za hatua walizofuata, futa alama za matokeo kwa wote, na usirudie mtihani mchana uleule wakiwa wamechoka. Kujaribu asubuhi (swali la 16) huzuia mengi ya haya.

25. Kipimajoto kimevunjika mtihani ukiendelea. Nifanyeje, na mwanafunzi anakatwa alama?

Kama ni chenye kimiminika chekundu, hiyo ni spiriti: zima moto ulio karibu, fagia vioo, futa, endelea. Kama ni cha zebaki, toa wanafunzi wote, fungua madirisha, na usifagie kwa ufagio, kwani utaitawanya iwe matone madogo zaidi. Vaa glavu, sogeza matone kwa kipande cha karatasi ngumu, yavute kwa bomba la sindano, uyaweke kwenye chupa yenye maji kidogo na mfuniko unaobana. Bomba hilo lisitumike tena. Chupa iwekewe lebo na kukabidhiwa kwa mkuu wa shule. Isimwagwe kwenye sinki wala chooni. Ukiagiza vipya, agiza vya spiriti.

Mwanafunzi hakatwi. Apewe maji, atulie, kisha apewe meza nyingine na dakika zake tano kamili.